Fahali wa Serikali na Mpango Mkakati Wangu

Nilipewa ofisi ya mifugo ya wilaya kwa sababu bwana aliyetangulia kupewa alikuja, akaiona, akashikwa na maumivu ya mgongo pale pale mlangoni, akarudi Nakuru kutibiwa. Hakuonekana tena. Wilaya ilikuwa changa, imekatwa juzi kutoka Kericho, na kila idara ilikuwa ikihangaika kutafuta pa kuketi. Sisi wa mifugo tuliangukia nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa stoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ukifanya kazi mle wiki moja, hata kupe hawakusogelei.

Nilikuwa mama wa watoto wanne, mke wa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Roret. Jumamosi nilipofika nyumbani na kumwambia mume wangu kwamba mimi ndiye mkuu wa mifugo wa wilaya nzima, aliniangalia, kisha akamwangalia ng'ombe wetu aliyesimama nyuma ya jikoni.

"Na huyu pia yuko chini yako sasa?"

"Yuko."

"Basi mwambie aongeze maziwa."

Sherehe ya kupandishwa cheo iliishia hapo.

Kabla sijazoea harufu ya ofisi, barua ikaja kutoka wizarani. Wakuu wote wapya tulitakiwa Nairobi kwa wiki mbili, tufundishwe uongozi wa kimkakati. Miaka hiyo ya tisini serikali ilikuwa imeambiwa ipunguze watu na iongeze akili. Kupunguza watu kulianza mara moja. Akili ndiyo tuliyoiendea Nairobi.

Mwalimu wetu alikuwa bwana mwembamba mwenye kalamu za rangi sita mfukoni mwa shati. Alituambia kwamba mfanyakazi wa kawaida huona miti, bali kiongozi huona msitu mzima, kwa sababu yeye yumo ndani ya helikopta. Ili tuelewe, akapanda juu ya kiti. Halafu akatuamuru sote tupande. Basi tulisimama juu ya viti, wakuu wa idara thelathini na kitu, watu wazima wenye wajukuu, tukitazama chini kimkakati. Mkuu mmoja wa barabara, jitu la mwili, alivunja kiti chake akaanguka pamoja na helikopta yake. Mwalimu akasema huo ni mfano mzuri wa kutojiandaa.

Tulifundishwa kuandika Dira, yaani maono ya tunakotaka kufika, na tukafundishwa visanduku vinne: Nguvu, Udhaifu, Fursa na Tishio. Ofisi isiyojaza visanduku hivyo, alisema mwalimu, imekufa ila haijazikwa. Niliogopa sana. Nilirudi nyumbani na cheti, furushi la karatasi kubwa za kubandika ukutani, kalamu nene nne, na hamu kubwa ya kupanda juu ya viti.

Pale kituoni tulikuwa wanne. Kulikuwa na naibu wangu, mzee mrefu wa gambuti na koti la mvua, aliyebakiza mwaka mmoja na ushei astaafu na ambaye hakutaka jambo lolote jipya limpate katika kipindi hicho. Kulikuwa na mpiga taipu, binti mcha Mungu mwenye mashine isiyokuwa na herufi M. Na kulikuwa na mtunza fahali, mzee mpole kutoka milima ya Kisii, aliyekuja kwetu ujanani kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, kisha serikali ikamwajiri na kumsahau.

Wa tano alikuwa fahali mwenyewe. Alikuwa mweusi na mweupe, kifua kama mlango wa ghala, ametoka shamba la serikali. Wakati ule mbegu za ng'ombe zililetwa zikiwa kwenye mtungi wa baridi kali, na gari la kuleta baridi hiyo lilikuja lilipojisikia. Mkulima aliyechoka kungoja gari alimleta ng'ombe wake kwetu akiwa kwenye joto la kutaka dume, fahali akafanya kazi yake, mambo yakaisha. Alikuwa ndiye mfanyakazi pekee wa idara yetu ambaye wananchi waliamka alfajiri kumfuata.

Nikaitisha mkutano wa kwanza wa kimkakati. Nikabandika karatasi ukutani, nikaandika juu: MAONO YETU.

"Kila mtu aseme maono yake," nikawaambia.

Naibu akavua kofia. "Mimi, Madam, mambo ya maono huwa naachia watu wa kanisa."

Mpiga taipu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, akainua mkono. Alikuwa ameona maono Jumanne. Ng'ombe mweupe alikuwa akivuka mto, na ng'ambo kulikuwa na mtu mwenye ndoo. Nilipomuuliza ndoo ilikuwa na nini alisema aliamshwa na jogoo kabla ya kuona ndani. Kwa kuwa hapakuwa na maono mengine, niliyaandika.

Kisha tukaenda kwenye visanduku vinne. Niliwagawia karatasi, kila mtu ajaze peke yake, asichungulie ya mwenzake, maana ndivyo tulivyofundishwa. Baada ya nusu saa nikakusanya. Chini ya Nguvu, wote watatu walikuwa wameandika: fahali. Chini ya Udhaifu: fahali, maana ni mmoja tu. Chini ya Fursa: fahali. Chini ya Tishio, mpiga taipu aliandika Shetani, lakini wale wengine wawili waliandika fahali, na naibu akaongeza kwenye mabano kwamba alimkanyaga mguu wa kushoto siku moja na hakulipwa fidia.

Nililala na karatasi zile siku tatu. Nilijiona niko juu kabisa, naona msitu. Na kutoka kule juu niliona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona: mtunza fahali alikuwa anapotezwa bure. Alijua Kikisii, Kipsigis na Kiswahili cha kueleweka, na sisi tulikuwa na kiofisi kidogo Sotik, ambako wateja hutoka pande zote mbili za mpaka wa Kisii na hupigiana kelele wasielewane. Kwa nini mtu wa lugha tatu awe anamsukumia ng'ombe majani? Nikamwandikia barua ya uhamisho, na cheo kipya: Afisa wa Uhusiano na Wateja.

Mzee aliisoma barua mara mbili. Sotik ni karibu na kwao. Alitabasamu wiki nzima.

Naibu alinifuata ofisini akafunga mlango. "Madam, huyo mzee na fahali wana maneno yao."

"Maneno gani?"

"Sijui. Wao huongea wakiwa wawili. Mzee huvua kofia, anainama kwa sikio, halafu fahali anasimama anaenda kazini."

"Bwana Naibu," nikamwambia kwa upole wa mtu mwenye cheti, "hebu tutazame mambo tukiwa juu kidogo."

Alitazama dari, akatoka.

Mzee aliondoka Ijumaa. Jumatatu fahali alilala chini, na hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kusimama mbele ya mteja. Majani alikula vizuri. Maji alikunywa. Usiku alisimama na kutembea, kwa ushahidi wa kinyesi chake. Lakini ng'ombe wa mkulima akiingizwa tu, fahali alikunja miguu, akalala, akaelekeza uso upande wa mashamba ya chai kama mtu mwenye hisa kule. Nilimpima joto la mwili, nikamkagua kwato, macho, meno na mahali pengine ambapo si lazima nipataje. Alikuwa mzima kuliko mimi.

Naibu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mtunzaji, alijaribu kila njia. Alimsukuma. Alimpiga makofi mgongoni. Alimpigia mluzi. Alimletea viazi vitamu. Fahali alikula viazi.

Wakulima walikuja na kurudi. Mmoja wao alikuwa mama kutoka Kimulot, mwembamba, mwenye skafu ya manjano na gambuti za marehemu mumewe, ambaye alimswaga ng'ombe wake mwendo wa karibu saa nne kwa miguu ili amfikishe kwetu. Alisimama mbele ya fahali muda mrefu.

"Huyu ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Anapumzika."

"Amefanya kazi gani ndiyo apumzike?"

Aliniambia atarudi baada ya siku ishirini na moja, maana ndiyo saa ya ng'ombe kurudi kwenye joto, haibadilishwi na serikali. Na kweli siku ya ishirini na moja nilimwona akipanda mlima na ng'ombe wake, skafu ile ile, amelowa mpaka mabegani. Fahali alimwona pia. Akalala.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Haya, nimeelewa. Serikali imelala," akamgeuza ng'ombe wake. Kutoka pale mlimani mpaka anapotelea kwenye kona hakugeuka nyuma, na mimi nilisimama mvuani nikiwa na cheti changu cha uongozi kimebandikwa ukutani kwenye fremu.

Wakati huo huo mpango mkakati ulikuwa umekamilika. Mpiga taipu aliupiga chapa wote, kurasa arobaini, na kwa kuwa mashine haikuwa na M, aliacha nafasi ili ajaze kwa kalamu. Alijaza mpaka ukurasa wa tisa akachoka. Kuanzia hapo wilaya yetu haikuwa tena na mpango, ilikuwa na pango. Na haikuwa na mifugo, ilikuwa na ifugo. Nakala moja ilikwenda Nakuru kabla sijaiona. Mkuu wa mifugo wa mkoa alipendezwa, au labda hakufika ukurasa wa kumi, kwa sababu alijibu kwamba atakuja yeye mwenyewe kuuzindua, na kwamba wananchi waonyeshwe huduma kwa vitendo, si kwa maneno.

Kwa vitendo. Idara yangu ilikuwa na kitendo kimoja tu, nacho kilikuwa kimelala.

Naibu ndiye aliyechukua kalenda ya ukutani. Alihesabu siku kwa kidole, kutoka siku ile mama wa Kimulot aliporudi mara ya pili, akafika siku ya ishirini na moja, akaizungushia wino. "Tukifanya hii siku, Madam, angalau ng'ombe tutakuwa naye wa uhakika. Kazi itakuwa nusu."

Nikamtumia mama ujumbe kumsihi aje mara moja tena, kisha nikaandika Nakuru kupendekeza siku hiyo. Baada ya siku chache simu ikalia. Alikuwa karani wa mkuu wa mifugo wa mkoa.

"Mkubwa anaomba msogeze mbele kwa siku mbili."

"Haiwezekani," nikasema.

"Kwa nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba kuna ng'ombe Kimulot? "Kuna masuala ya kimkakati," nikasema.

"Oh," akasema kwa heshima. "Basi tuache vile vile."

Hapo ndipo nilipojifunza nguvu ya neno lile.

Siku moja kabla ya uzinduzi niliweka kiburi pembeni, nikaingia gari la ofisi, nikateremka Sotik. Nilimkuta mzee ameketi nyuma ya meza, kalamu mbili mfukoni, amenyoa ndevu. Wateja walikuwa wamepanga foleni kwa utulivu ambao sijawahi kuuona Sotik. Alisimama, akanipa kiti chake.

"Karibu, Madam. Nyumbani wazima?"

"Wazima, mzee. Isipokuwa mmoja."

Nikamweleza. Alisikiliza akitikisa kichwa kama daktari. Nilipomwomba arudi, alishika ukingo wa meza ile kwa mikono miwili.

"Madam, usinione nina kiburi. Lakini mimi sasa ni afisa. Mke wangu ameshawaambia watu wote."

"Basi niambie unachomwambia sikioni."

Aliona aibu. Alitazama mlango, akautazama mlango tena. "Unajua, yule ni mtu wa heshima. Hapendi kusukumwa. Sasa mimi huvua kofia, nasema: Mkubwa, saa imefika. Inuka tafadhali. Wananchi wanakungoja. Hakuna mwingine anaweza hii kazi ila wewe."

"Basi?"

"Basi. Lakini iseme kama unamaanisha. Ukimdanganya anajua."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaza. Mimi niliitwa Madam. Naibu aliitwa Naibu. Kumbe katika kituo changu chote, aliyekuwa akiitwa Mkubwa miaka yote hiyo ni fahali.

Nilipomwambia naibu ajiandae kuyasema maneno yale kesho yake, alikataa katakata. "Nimeitumikia serikali tangu nikiwa kijana. Sitaki kustaafu nikiwa nimemwita ng'ombe Mkubwa. Na mkubwa wa mkoa nitamwita nani?" Kwa hiyo kazi ikabaki yangu, na hata kujaribu haikuwezekana, kwa sababu kuyajaribu kulihitaji ng'ombe, na ng'ombe alikuwa Kimulot akingoja saa yake.

Siku ilifika. Tulikuwa tumefunga turubai, tukaazima makochi kwa chifu na kipaza sauti kanisani kwa mpiga taipu. Wakulima walijaa, wengine na miavuli, wengine na magunia ya plastiki kichwani. Saa tatu asubuhi mama wa Kimulot alitokea mlimani na ng'ombe wake. Nilitamani kumkumbatia. Naibu akamkagua ng'ombe, akanipa ishara ya kichwa: yuko tayari.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne. Saa sita hajafika. Baadaye tulikuja kujua kwamba alikuwa akisimama katika kila ofisi ya mifugo njiani na kunywa chai, na wilaya hizi zina ofisi nyingi na chai isiyoisha. Kila nusu saa mama wa Kimulot alinijia.

"Madam, ng'ombe hana siku mbili."

"Najua, mama."

"Jioni atakuwa amebadilisha mawazo."

"Najua."

Mkuu wa mifugo wa mkoa aliteremka garini saa nane. Alikuwa bwana mpana, suti ya kijivu, sauti nzito inayotoka chini kabisa ya tumbo. Alisalimia watu, akaketi kwenye kochi la chifu, na chai yote ile ikaanza kumlemea. Fahali alikuwa amelala ndani ya ua wa mbao, hatua kumi upande wa kushoto wa kochi. Mkuu wa mkoa alikuwa ameegemea kwa namna ile ile. Ukisimama mbele ungefikiri wamepangwa na mpiga picha.

Nilishika kipaza sauti, nikawakaribisha wageni. Naibu akasoma hitimisho la mpango, pango na yote, mimi nikimshikia kipaza sauti. Mgeni rasmi akafumba macho kutafakari. Wingu jeusi lilikuwa limeshashuka juu ya mashamba ya chai, kama kawaida ya mchana wa kwetu, na upepo ukaanza kuinua ncha za turubai. Mama wa Kimulot akanivuta mkono.

"Ni sasa ama ni basi," akasema.

Nikaenda kwenye ua. Nilitaka kuinama sikioni kama alivyofanya mzee, lakini mbao zilinizuia, kwa hiyo nilijipenyeza nilivyoweza, nikavua kitambaa changu cha kichwa kwa kuwa sikuwa na kofia. Nilikumbuka kwamba lazima nimaanishe. Na, Mungu ni shahidi, nilimaanisha. Sijawahi kumwomba kiumbe yeyote kitu kwa moyo wangu wote kama nilivyomwomba fahali yule.

"Mkubwa," nikasema, "saa imefika. Inuka tafadhali. Wananchi wanakungoja. Hakuna mwingine anayeweza kazi hii ila wewe."

Sauti yangu ikarudi kutoka mlima wa pili. Kipaza sauti cha kanisa nilikuwa bado nimekishika mkononi.

Nyuma yangu kochi likalia. Nikageuka. Mkuu wa mifugo wa mkoa alikuwa amefumbua macho na anasimama, anafunga kifungo cha koti, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho hata leo nikikikumbuka nasikia haya. Alikuwa ameguswa.

"Asante, Madam," akasema kwa upole, akinyoosha mkono apewe kipaza sauti. "Asante sana. Ni muda mrefu sijaambiwa hivyo."

Nikampa. Ningefanya nini? Fahali hakuwa amesogeza hata sikio. Nikamwona mama wa Kimulot ameshika kamba ya ng'ombe wake, ananitazama kama mtu anayetazama nyumba ikiungua.

Mkuu wa mkoa akajaza kifua. "Wananchi watukufu!"

Sauti ile ilipita juu yetu kama ngurumo. Masikio ya fahali yakasimama. "Nimekuja hapa leo," mkuu akanguruma, "kufanya kazi!" Fahali akainua nyuma kwanza, kama ng'ombe wote, akasimama kwa magoti ya mbele kidogo kama anayesali, kisha akasimama wima mzima, mkubwa kuliko nilivyomkumbuka. Naibu, gambuti na yote, aliruka kama kijana akavuta boriti ya mlango, na mama wa Kimulot akaingiza ng'ombe wake.

Mgeni rasmi alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa akieleza kwamba wakati wa kukaa umekwisha, kwamba serikali sasa itamfikia mkulima mmoja mmoja bila kuchoka. Wananchi wote walikuwa wametazama begani kwake. Aliposema "bila kuchoka," uwanja mzima ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele. Wazee waligonga fimbo chini. Mpiga taipu alifunika macho kwa mpango mkakati.

Mkuu wa mkoa alishangaa, kisha akatabasamu mpaka masikioni. Nadhani miaka yake yote kazini hakuwahi kupigiwa makofi namna ile kwa ajili ya sera.

"Naona mmenielewa!" akasema.

"Tumeelewa!"

"Nirudie?"

"Rudia!"

Alirudia, na hakuwa peke yake aliyerudia. Mvua ilianza kumwagika, na hakuna hata mtu mmoja aliyeondoka.

Alipomaliza na kugeuka, fahali alikuwa amesimama kando akitafuna majani, mwenye staha, na ng'ombe wa Kimulot alikuwa nje ya ua. Mkuu wa mkoa akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Madam, hawa watu wako wana kiu ya maendeleo," akaniambia.

"Wanayo, Mkubwa," nikasema, na upande wa kushoto nikasikia fahali akipiga hatua. Sikuthubutu kulitamka neno lile tena siku hiyo.

Barua ya pongezi ilifika baada ya wiki mbili. Ilisema kwamba katika mkoa mzima hakuna mpango mkakati uliopokelewa na wananchi kwa furaha kama wetu, na kwamba wakuu wa mifugo wa wilaya nyingine watatumwa kwetu kujifunza. Walikuja watatu, na madaftari. Waliuliza siri ni nini. Niliwaambia ni ushirikishwaji wa wadau. Waliandika. Naibu alianza kukohoa, akaomba ruhusa kwenda kuangalia kupe.

Kuanzia siku ile nilipita kwa fahali kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi, kitambaa mkononi, nikamwambia maneno ya mzee. Hakunikatalia tena. Naibu alinitazama kwa mbali wiki kadhaa, kisha asubuhi moja ya baridi, akidhani sijafika, nilimkuta amevua kofia, ameinama, mdomo sikioni mwa fahali. Tulitazamana. Alivaa kofia, tukazungumza habari za mvua.

Mama wa Kimulot alirudi miezi tisa baadaye bila ng'ombe. Alikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, akaniwekea juu ya meza. Ndama alikuwa jike. "Nimemwita Mkakati," akasema, "kwa sababu alichukua muda." Tulikunywa yale maziwa, yeye, mimi na mpiga taipu, tukiwa tumeketi juu ya nakala zilizobaki za mpango wenyewe, kwa kuwa ofisi bado ilikuwa na viti viwili tu.

Mwaka uliofuata agizo la kupunguza likamfikia fahali pia. Serikali haikutaka tena kumiliki mafahali. Vikundi vya wakulima vipewe. Kikundi cha Kimulot kiliomba wa kwetu, na mwenyekiti wake mnajua ni nani. Gari la kumsafirisha halikupatikana, kwa hiyo aliondoka kwa miguu, na mimi nilimsindikiza. Naibu alikuwa ameshastaafu mwezi mmoja, lakini saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta langoni na gambuti zake, akasema alikuwa anapita tu.

Tulipita katikati ya mashamba makubwa ya chai, fahali mbele, sisi nyuma, hatuna haraka. Wachumaji walisimama na vikapu vyao mgongoni wakamtazama. Wengine walimsalimia. Pikipiki moja ya posta ilingoja kando mpaka apite. Naibu alikata majani kila mahali yalipokuwa mazuri, akayabeba kwapani, akampa kidogo kidogo.

Kimulot walikuwa wamemjengea banda la mabati mapya. Walimwingiza mle, mvua ikaanza, na sisi tuliomleta tukabaki nje. Mchungaji akamwombea, sala ndefu yenye vituo, akamkabidhi fahali kwa Mungu na kwa kamati. Sikumbuki kwamba mimi nilipoingia ofisini kuna aliyeniombea. Akina mama walitutolea chai kwenye vikombe vya bati, tukanywa tumesimama, maji yakitiririka kwenye kofia. Naibu alikuwa akifuta uso kwa mkono wa koti mara kwa mara. Nilimuuliza kama ni mvua.

"Ni moshi," akasema.

Moto wa chai ulikuwa ng'ambo ya pili ya ua, na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwetu kuelekea msituni. Nilimpa kitambaa changu, naye akakipokea.